Kilo 48 na hasikii nje: kumfundisha utii mbwa mkubwa wa nyumbani

Swali: Tuna mbwa dume aina ya Rottweiler, ana miezi 15 na kilo 48. Ndani ya nyumba ukimwambia akae, anakaa. Tukitoka nje ni kama hana masikio: ananivuta hadi bega linauma, nikimwita ananitazama kisha anaendelea na yake, na wageni anawarukia mpaka wanaogopa kuja. Juzi mwanangu wa miaka 7 alipita karibu naye akiwa na mfupa, akamngurumia. Jirani anasema mbwa anataka kuwa bwana wa nyumba, eti nimlaze chali nimbane mpaka anyong'onyee. Mume wangu anakubaliana naye. Mimi nasita. Nianzie wapi?

Jibu:

Anzia kwenye mfupa, dada. Mengine yote uliyouliza yanaweza kungoja wiki. Hili la mwanao halingoji hata siku moja.

Kuanzia leo mbwa huyu asipewe mfupa, wala kitu chochote cha kutafunwa kwa muda mrefu, mahali ambapo mtoto anaweza kumfikia. Ale chakula chake nyuma ya mlango uliofungwa, amalize, atolewe, na bakuli liondolewe akiwa hayupo. Mtoto aambiwe kwa maneno machache kwamba mbwa anayekula, anayelala au mwenye kitu mdomoni hafuatwi wala haguswi. Lakini usalama usiutegemeze kwenye kumbukumbu ya mtoto wa miaka 7, utegemeze kwenye mlango. Na wawili hawa wasiachwe peke yao chumba kimoja hata kwa dakika mbili za kwenda kutazama sufuria. Tena kama mfupa wenyewe ulikuwa umepikwa, acha kabisa kumpa mifupa ya namna hiyo: hupasuka vipande vyenye ncha ambavyo vinaweza kumkwama kooni au kumtoboa utumbo.

Usimwadhibu kwa kunguruma. Najua inaudhi, hasa mlengwa akiwa mtoto wako, lakini kunguruma ni onyo, na onyo ndilo lililomwokoa mwanao. Mbwa anayechapwa kwa kunguruma haanzi kuwapenda watoto wanaopita karibu na mfupa wake. Anajifunza kunyamaza tu. Hofu ya kunyang'anywa inabaki palepale, ila sasa atauma bila kutoa sauti. Kabla ya kunguruma huwa zipo dalili za kimya ambazo kila mtu nyumbani anapaswa kuzijua: mwili kukakamaa, kuacha kutafuna ghafla huku kichwa kimeinamia kitu, au kinyume chake kula kwa pupa mtu anaposogea, na jicho kukuangalia pembeni mpaka weupe wake uonekane ilhali kichwa hakijageuka. Ukiziona, mwite mtoto aje kwako. Mbwa usimguse.

Jambo la pili la wiki hii ni daktari wa mifugo. Mbwa ambaye hakuwahi kunguruma akaanza ghafla anaweza kuwa na maumivu, na aina hii inajulikana kwa matatizo ya nyonga na viwiko vinavyokua vibaya tangu ujana. Sikio lenye uambukizo au jino bovu nalo hubadilisha tabia. Wapo mbwa wanaoitwa wakaidi kwa kukataa kukaa au kulala kumbe sakafu ngumu inawaumiza.

Kuhusu kumlaza chali

Usifanye hivyo, na mume wako ningependa ajue sababu zake badala ya kuambiwa tu kwamba ni vibaya. Wazo la mbwa anayegombea ubwana wa nyumba lilitokana na uchunguzi wa mbwa mwitu (wale wanaoitwa "wolf" kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja katika eneo dogo. Mtafiti Rudolf Schenkel aliuchapisha mwaka 1947. Wanyama wale walipigana kweli kuwania nafasi. Mtafiti David Mech, ambaye maandishi yake ya mwaka 1970 yalisaidia kulieneza wazo hilo, ndiye aliyelisahihisha mwaka 1999 baada ya miaka mingi ya kuwafuatilia mbwa mwitu porini: kundi la kawaida huko ni baba, mama na watoto wao, na wazazi hawaongozi kwa kubana koo za wanao. Kwa hiyo mbinu hii imejengwa juu ya picha ambayo haiwafai hata mbwa mwitu wenyewe.

Madhara yake ni ya moja kwa moja. Ukimlaza chali mbwa wa kilo 48, uso wako unakuwa sentimita chache kutoka kwenye meno yake, naye anaamini anapigania uhai wake. Akishindwa, amejifunza kuwa mikono yako ni hatari. Akishinda, umemfundisha kwamba kuuma kunafanya kazi. Na hata mbinu ikionekana kufaulu kwa mume wako mwenye nguvu, haitamsaidia mtoto, ambaye hana nguvu za kuirudia. Mbwa wa familia lazima atii kwa sababu ambayo hata mtu mdogo kuliko wote nyumbani anaweza kuitumia, na sababu hiyo haiwezi kuwa misuli.

Kwa sababu hizohizo sishauri kola za umeme, za miiba wala mnyororo unaokaza shingo. Maumivu hufungamana na kile ambacho mbwa anakitazama wakati huo: akipigwa shoti huku macho yake yakiwa kwa mtoto anayekimbia, huenda akahitimisha kwamba mtoto ndiye aliyemuumiza. Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010.

Ukaidi unalipwa na nani?

Mbwa wako si bwana wa nyumba. Ni kijana. Mbwa wakubwa hukaa katika ujana kuanzia karibu miezi 6 hadi 18, wengine hadi miaka 2: mwili umekamilika au unakaribia, ila uwezo wa kujizuia bado. Kisha ni Rottweiler, uzao wa mbwa wa Ujerumani waliochunga na kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Walichaguliwa kwa vizazi ili wasukume kwa mwili na waamue wenyewe bila kungoja maelekezo kila dakika. Hicho unachokiita ukaidi ni sifa ile ile, ila haijapewa kazi.

Sasa tazama mambo anayoyafanya nje na ujiulize anapata nini. Anavuta, nawe unasonga mbele: kila hatua unayopiga kamba ikiwa imekaza ni malipo. Anamrukia mgeni, mgeni anapiga kelele na kumsukuma kwa mikono: kwake hayo ni mazungumzo. Unamwita, haji, halafu anaendelea kunusa: amelipwa kwa kutokuja. Ndani anakaa kwa kuwa hakuna cha kushindana na wewe. Tena mbwa hawahamishi somo kwa urahisi kutoka mahali hadi mahali kama sisi. "Kaa" ya jikoni, wewe ukiwa umesimama mbele yake, kwake ni jambo moja. "Kaa" ya barabarani, wewe ukiwa ubavuni na paka akipita, ni jambo jingine ambalo bado hajafundishwa.

Kwa hiyo kazi yako si kumshinda nguvu. Ni kushika vitu anavyovitaka (mlango, kamba kulegea, kunusa, chakula, kusalimiwa) na kuhakikisha vinapatikana kwa njia moja tu, ile ya kukusikiliza. Mbwa mwenye hiari kali hujifunza haraka sana mpangilio wa namna hii, maana anajua kabisa anachokitaka.

Vifaa na chakula cha mafunzo

Vifaa ni vichache. Mshipi wa kifuani wenye pete mbili, moja mgongoni na moja mbele ya kifua. Kamba ya kawaida ya mita 1.8 hadi 2, bapa, upana wa karibu sentimita 2 ili isikukate kiganja. Kamba ndefu ya mita 10 kwa mafunzo ya kuitwa. Mkeka au zulia dogo la kulalia. Kamba zinazojivuta na kurudi zenyewe weka kando, kwa sababu zina mvuto wakati wote na hivyo zinamfundisha kuwa mvuto ni hali ya kawaida. Kamba usiizungushe kwenye kiganja wala vidole. Mbwa wa uzito huu akichomoka ghafla anaweza kukuvunja vidole. Pitisha kitanzi kwenye kidole gumba, funga ngumi, na mkono wa pili ushike katikati ya kamba.

Pima chakula chake cha siku nzima asubuhi na uweke kando theluthi moja kwa ajili ya mafunzo. Ongeza nyama iliyochemshwa bila chumvi wala kiungo, ikatwe vipande vya ukubwa wa punje ya njegere. Ukubwa wa mbwa usikudanganye, kinachomfundisha ni idadi ya mara anazolipwa. Vya ziada visizidi sehemu ya kumi ya nishati anayokula kwa siku. Vitunguu vya aina zote, chokoleti, zabibu na chochote chenye ksailitoli (xylitol, kitamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwake. Usimfanyishe mazoezi makali akiwa ametoka kushiba: mbwa wakubwa wenye kifua kirefu huweza kujaa gesi na tumbo kujipinda, jambo linaloua kwa saa chache. Na kwa kuwa hajamaliza kukua, mazoezi ya kuruka vizuizi yasubiri.

Vipindi viwe vya dakika 3 hadi 5, mara nne au tano kwa siku. Nusu saa mfululizo inamchosha na kumkera, kisha anaanza kubahatisha.

Maneno

Kaeni kama familia mkubaliane maneno, myaandike na kuyabandika mlangoni. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibikia: mama anasema "kaa", baba anasema "kaa chini", mtoto anasema "tulia", na mbwa anasikia mambo matatu. Chagueni maneno mafupi yasiyofanana kwa sauti na ambayo hamyasemi kila dakika katika mazungumzo. "Haya" na "basi" hayafai, yamo katika kila sentensi. Mfano unaofaa: "Kaa", "Lala", "Subiri", "Toa" kwa kuachia kilicho mdomoni, "Acha" kwa kutokigusa, "Mkekani", na "Ruksa" kwa kumwambia kazi imekwisha. Usitumie "Achia" na "Acha" pamoja, kwake ni neno moja.

Neno muhimu kuliko yote ni lile linaloashiria kwamba alichokifanya sekunde hii ndicho kilicholipwa. Tumia "Safi!" kwa sauti ile ile kila mara. Siku ya kwanza sema "Safi!" na mpe kipande papo hapo, mara 15 hadi 20, bila kumtaka afanye chochote. Akianza kugeuza kichwa kutafuta chakula kila anaposikia, neno limeingia. Baadaye litamke ndani ya sekunde moja tangu afanye jambo sahihi. Chakula kinaweza kufuata sekunde mbili baadaye. Mkono usiingie mfukoni kabla ya neno, vinginevyo atasoma mkono na kupuuza sauti.

Kukaa, kulala, kusubiri

"Kaa" anaijua, ila ifundishe upya kwa mpangilio kwa sababu ndiyo msingi wa mengine. Shika chakula puani pake, pandisha taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, kichwa kinapanda, matako yanashuka, "Safi!". Akirudi nyuma badala ya kukaa, fanyia karibu na ukuta. Akiruka, umeshika juu mno. Baada ya mara tano au sita fanya mwendo uleule mkono ukiwa mtupu, malipo yatoke mkono mwingine. Neno linakuja mwisho: sema "Kaa" mara moja, ngoja sekunde moja, kisha mkono. Usirudie neno. Ukisema "kaa, kaa, kaa!" unamfundisha kwamba amri ni ile ya tatu.

"Lala" huanzia kwenye kukaa: shusha chakula kutoka puani hadi sakafuni katikati ya miguu ya mbele, kisha kivute taratibu kuja kwako. Fanyia kwenye zulia. Usimkandamize mabega, mbwa akisukumwa husukuma nyuma, na huyu atakushinda.

"Subiri" ina mambo matatu yanayoweza kukua: muda, umbali na vishawishi. Kuza moja kwa wakati, na ukiongeza moja punguza mengine mawili. Muda kwanza, nawe ukiwa hatua moja tu kutoka kwake: sekunde 1, 2, 3, 5, kisha rudi 2, halafu 8, halafu 4. Mfululizo unaopanda tu humvunja moyo kwa sababu kila mara inakuwa ngumu zaidi. Mlipe akiwa bado ametulia, urudi kwake wewe, kisha "Ruksa". Ukiwa na mazoea ya kumwita kutoka kwenye kusubiri, atakaa akiwa tayari kuchomoka. Kipimo cha kusonga mbele ni mara nane kati ya kumi. Chini ya hapo rahisisha. Akikosea mara mbili mfululizo, tatizo liko kwenye kiwango ulichomwekea.

Vikishashika ndani, vihamishie barazani, kisha uani, kisha getini, kisha barabara tulivu. Kila mahali papya anza karibu na sifuri, ingawa utapanda haraka kuliko mara ya kwanza. Wengi hushindwa kwa kuruka kutoka jikoni moja kwa moja hadi barabarani.

Kutembea bila kuvuta

Hapa patakula muda wako mwingi kuliko pengine pote, basi tupachimbe.

Kanuni ni moja na haina msamaha: kamba ikikaza, safari inasimama. Ugumu uko kwako, si kwa mbwa. Ukisimama mara tisa na ya kumi ukakubali kuvutwa kwa sababu umechelewa, umemfundisha kuvuta kwa subira, na tabia inayolipwa mara mojamoja ni ngumu kufutika kuliko inayolipwa kila mara. Ndiyo maana nakushauri utenganishe vifaa. Kamba ikifungwa kwenye pete ya kifuani, hayo ni mafunzo na kuvuta hakulipi kamwe. Siku huna muda, au mnakwenda kwa daktari, ifunge kwenye pete ya mgongoni na usidai kitu. Mbwa huitambua tofauti, na mafunzo yako hayaharibiki.

Anza ndani au uani. Chagua upande mmoja, tuseme kushoto. Simama, subiri aje kando ya paja lako, "Safi!", na chakula kitoke mkono wa kushoto kikishuka kwenye mshono wa suruali au gauni lako. Mahali anapolipwa ndipo atakapopenda kukaa. Ukimlipa mbele yako, atatembea akikuziba njia. Kisha piga hatua moja, mlipe. Hatua mbili, mlipe. Tatu, tano, mbili, saba. Wiki ya kwanza usihesabu umbali kabisa. Dakika tano za kuzunguka uani kamba ikining'inia ni ushindi mkubwa kuliko kilomita mbili za kuvutana.

Nje akikaza kamba, simama, viwiko vibane mbavuni, usimvute nyuma. Kumvuta kunamfanya akaze zaidi. Ngoja, akigeuka hata kichwa tu na kamba ikalegea, "Safi!", rudi nyuma hatua mbili tatu ili aje ubavuni, mlipe hapo, endeleeni. Kama kusimama kunamfanya abweke na kupandwa na munkari, geuka uelekee ulikotoka bila kusema kitu. Zipo siku mtafika nguzo ya tatu tu na kurudi. Ni sawa.

Chakula si malipo pekee. Kitu anachokitaka zaidi barabarani mara nyingi ni kunusa, basi kiuze. Hatua kumi za kamba iliyolegea, kisha "Ruksa", mpeleke kwenye kichaka anuse kwa dakika nzima. Dakika 20 za kunusa kwa utulivu humchosha akili vizuri, tena kwa njia inayomtuliza, kuliko kukimbizwa mpaka aheme. Na ukiona mbwa mwingine mbali, fanya kazi yako kabla mbwa wako hajakakamaa. Akishaanza kukodoa macho na kukataa nyama, mko karibu mno: ongezeni umbali kwanza, mafunzo baadaye.

Mtoto asishike kamba ya mbwa huyu nje. Anaweza kutembea kando yako na kamba ya pili ambayo haibebi uzito, ila kamba ya kazi ishikwe na mtu mzima.

Kuitwa

Neno "njoo" limeshaharibika. Ameshajifunza kuwa "njoo" ni sauti inayosikika wakati yeye akinusa. Liache, chukua neno jipya, "Hapa!", na lilinde.

Wiki mbili za kwanza litumike ndani tu, kutoka mita mbili tatu, mara kumi kwa siku, kwa nyama ambayo hapewi wakati mwingine wowote. Akifika, usimpe kipande kimoja na kumwacha. Mpe vitano, kimoja baada ya kingine, huku mkono wako mmoja ukigusa mkanda wa shingo. Mguso huo una sababu: mbwa wengi huja hadi mita moja kisha hukwepa mkono. Mara nyingi iwezekanavyo amalize kwa kuachiwa tena aende zake, ili kuja kusiwe mwisho wa raha. Kama unataka kumwogesha, kumfungia au kumpa dawa, usimwite. Mfuate umchukue.

Kisha kamba ya mita 10 mahali pa wazi, ikiwa imefungwa kwenye pete ya mgongoni. Kamwe usiifunge shingoni: mbwa akikimbia na kufika mwisho wake ghafla ataumia shingo. Vaa glovu. Mwache aende, ngoja wakati ambao amemaliza kunusa na kuinua kichwa, ita mara moja, kisha kimbia kurudi nyuma. Mbwa hufuata kinachokimbia. Asipokuja usirudie neno. Tembea ukiikusanya kamba mpaka umfikie, mwonyeshe chakula puani, rudini pamoja hatua kadhaa na umlipe kidogo, halafu jaribio linalofuata lianze karibu zaidi. Usiite wakati unaojua hatakuja, maana kila mwito unaopuuzwa unalidhoofisha neno. Na akichelewa dakika kumi kisha akaja, mlipe hivyo hivyo. Ukimgombeza, umemgombeza kwa kuja.

Mahali pasipo na uzio usimfungue kamba kwa miezi kadhaa, hata akionekana amebadilika.

Wageni

Mbwa hawezi kuruka huku amelala mkekani. Fundisha "Mkekani" kama zoezi la kawaida, tupia chakula mkekani mara nyingi, kisha unganisha na mtu wa nyumbani anayegonga mlango kwa makusudi, mara ishirini kabla ya mgeni wa kweli. Mgeni halisi akija, mbwa awe na kamba. Miguu minne ikiwa chini, mgeni anasalimia. Mguu ukinyanyuka, mgeni anageuka na kuondoka hatua mbili bila kusema wala kusukuma. Tarajia kuruka kuzidi kabla ya kupungua. Tabia iliyozoea kulipwa ikinyimwa malipo hupanda kwanza, na wengi hukata tamaa siku hiyohiyo, ambayo ndiyo siku mbaya kabisa ya kulegeza. Mgeni anayemwogopa au asiyetaka kufuata maelekezo, mbwa akae chumba kingine.

Kurudi kwenye mfupa

Daktari akishasema hana maumivu, mtu mzima mmoja anaweza kuanza zoezi hili, mtoto akiwa mbali. Mbwa anakula chakula cha kawaida bakulini. Pita kwa umbali ambao mwili wake haubadiliki, labda mita 3, mtupie kipande cha nyama kilicho bora kuliko kilicho bakulini, endelea na safari yako. Mara tano sita kwa mlo, basi. Usisimame, usiongee, usinyooshe mkono. Siku anapoinua kichwa na kulegeza mkia kila anapokuona ukija, punguza karibu nusu mita. Akiharakisha kula au kukakamaa, umesogea mapema; rudi umbali wa jana. Utakuwa unambadilishia maana ya mtu anayekaribia: kutoka mnyang'anyi hadi mleta nyama. Lile zoea la kumtia mkono bakulini au kumnyang'anya chakula "ili azoee" ndilo linaloyazaa mengi ya matatizo haya.

"Toa" nayo ifundishwe kwa kubadilishana, kuanzia na vitu asivyovijali: ana kamba kuukuu mdomoni, weka nyama puani, anaachia, "Safi!", anakula, kisha mrudishie kamba yake. Kurudishiwa ndiko kunakomshawishi. Mifupa na vya thamani kubwa vije mwisho kabisa, baada ya wiki nyingi, na mwanao asishiriki zoezi hili hata likienda vizuri namna gani.

Wakati huohuo mzoeshe kikapu cha mdomo, kile kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Paka chakula laini ndani, alambe mwenyewe kwa siku kadhaa kabla hujafunga kamba zake. Kitakufaa kwa daktari na siku zenye wageni wengi.

Muda, na wakati wa kuita msaada

Mkifuata haya kila siku, kutembea na kusalimia wageni huanza kubadilika ndani ya wiki 4 hadi 8. Kuitwa huchukua miezi. Kutakuwa na wiki ambazo ataonekana amesahau kila kitu. Ni ujana: rudini hatua moja, lipeni zaidi, endeleeni. Kuhasiwa kunaweza kuwa na sababu nyingine za kiafya za kujadili na daktari, lakini hakumfundishi mbwa kutembea kamba ikiwa imelegea.

Usiendelee peke yako kama ameshauma mpaka ngozi ikatoboka, kama anamfuata mtoto kwa macho makali bila mfupa wala chakula kuwapo, au kama wewe mwenyewe umeanza kumwogopa. Hapo mwombe daktari wa mifugo akuelekeze kwa mtaalamu wa tabia za mbwa atakayemwona ana kwa ana. Kabla ya kukubaliana naye muulize mambo matatu: mbwa akipatia unampa nini, akikosea unafanya nini hasa, na je, naruhusiwa kuwapo muda wote unapomfundisha? Anayejibu la pili kwa kuzungumzia kumbana, kumtikisa au kumning'iniza kwa kamba, au anayetaka umwachie mbwa na urudi baada ya wiki tatu, tafuta mwingine.